Ndege wa kokoto, na kwa nini hayuko Ruzizi

Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na makala haya yametokana na swali la mwanafunzi wa mwaka wa nne, msichana mpole ambaye kwa kawaida hainui mkono. Nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi wangu, kwa simu iliyopitishwa dawati hadi dawati, picha ya ndege wa kijivu aliyesimama katikati ya mto wa Himalaya, maji yakimfika tumboni, na mdomo wake mrefu mwekundu umepinda kuelekea chini kama mundu. Niliwaambia kwamba ndege huyo huzaliana kando ya mito ya milimani, kati ya mita 1,700 na mita 4,400 juu ya usawa wa bahari. Ndipo yule msichana akauliza: "Mwalimu, sisi pia tuko milimani. Ziwa letu liko juu, na mlima Kahuzi uko juu zaidi. Sasa kwa nini yeye hayuko kwetu?"

Nilimjibu haraka kwamba huyo ni ndege wa Asia, na Asia ni mbali. Nilichosema kilikuwa kweli, lakini hakikujibu swali. Kuna ndege wadogo wanaoruka kila mwaka kutoka Ulaya na Asia hadi kwenye kingo za Ziwa Kivu, kwa hiyo umbali peke yake hauelezi mengi. Nimelirudia swali lile kwa wiki kadhaa, nimesoma, nimetazama video nyingi za ndege huyo, na mara mbili nimekwenda na wanafunzi kwenye mto wetu, Ruzizi, kuangalia mawe. Sasa naamini kwamba jibu limo katika mawe, wala si katika urefu wa mlima.

Kwanza nimtaje. Kwa lugha ya sayansi anaitwa Ibidorhyncha struthersii, na vitabu vya Kifaransa, ambavyo ndivyo vinavyotumika zaidi katika shule zetu, humwita bec-d'ibis tibétain, yaani ndege wa Tibet mwenye mdomo kama wa kwarara. Darasani tulimpa jina letu wenyewe, mdomo-mundu, na ndilo nitakalolitumia hapa. Ana urefu wa sentimita 40 hivi na uzito wa gramu 300 hivi. Mgongo wake ni wa kijivu, tumbo ni jeupe, uso ni mweusi kana kwamba umepakwa masizi, na kifuani ana mkanda mweusi unaotenganisha kijivu cha shingo na weupe wa tumbo. Dume na jike hufanana. Miguu huwa myekundu sana wakati wa kuzaliana, kisha rangi hiyo hufifia msimu ukipita.

Jina la kwarara lisimpotoshe msomaji. Kwarara tunawajua sote Bukavu, kwa maana ndio wanaotuamsha alfajiri kwa kelele zao wakipita juu ya paa za Muhumba, kisha hushuka kwenye bustani na kuchokoa udongo laini kwa mdomo uliopinda. Mdomo-mundu anafanana nao kwa umbo la mdomo tu. Ukoo wake ni wa ndege wa fukwe, na walio karibu naye ni wale ndege wenye midomo myekundu wanaofungua kome kwenye miamba ya bahari, pamoja na wale wa miguu mirefu na myembamba wanaotembea katika maji ya chumvi. Hata hao si ndugu wa karibu sana, kwa sababu wataalamu wamemweka mdomo-mundu katika familia ambayo ndani yake yuko peke yake, bila spishi nyingine hata moja. Jambo hilo hunigusa kila ninapolifundisha. Katika familia nyingi za ndege, spishi moja ikipotea zinabaki nyingine zinazotukumbusha umbo na mwenendo wa ile iliyokwenda. Yeye hana wa kumkumbusha.

Sasa tufike kwenye mawe. Ukimtazama mdomo-mundu akila, utaona kwamba muda mwingi hashughuliki na maji, anashughulika na yale yaliyo chini ya maji. Huingia mtoni taratibu, huchovya mdomo, wakati mwingine pamoja na kichwa na shingo yote, kisha hupitisha ncha ya mdomo kati ya jiwe na jiwe, chini ya jiwe, nyuma ya jiwe, akipapasa. Pengine hukwangua kokoto ndogo kwa mdomo ili kuzisogeza. Anachotafuta ni mabuu ya wadudu wa majini: yale yanayojijengea vikoba vya chembe za mchanga na vijiwe, yale mabapa yanayojibana kwenye jiwe ili yasichukuliwe na mkondo, na mengine ya aina hiyo, tena hula samaki wadogo na, akiwa nchi kavu, panzi. Mdomo ulionyooka ungekwama. Jiwe la mtoni ni la mviringo, na kitu kilichojificha chini ya jiwe la mviringo hufikiwa vizuri zaidi na chombo kilichopinda. Hata mguu wake unaendana na kazi hiyo, kwa kuwa una vidole vitatu tu, vyote vikielekea mbele, na kile cha nyuma, ambacho kwa ndege wa mitini hushika tawi, hakipo kabisa.

Rangi yake nayo ni ya mawe. Katika video moja niliyoitazama mara nyingi, kamera inaonyesha ukingo wa kokoto uliotulia, na kwa sekunde kumi nzima sikuona kitu, mpaka jiwe moja likatikisa kichwa. Kijivu cha mgongo ni kijivu cha mawe makavu, na ule mkanda mweusi, ambao pichani unaonekana kama pambo, mtoni huukata mwili vipande viwili ili jicho la adui lisiunganishe umbo la ndege. Akishtuka hukimbia kidogo, husimama, huinamisha kichwa, kisha hukimbia tena. Akiruka hunyoosha shingo, mabawa yake mapana yenye baka jeupe hufunguka, na hutoa mlio mkali, wa wazi kama kengele ndogo, unaosikika juu ya ngurumo ya maji.

Kwa hiyo ndege huyu anahitaji mto wa namna gani? Unapaswa kuwa na kokoto nyingi, za mviringo, zilizolala wazi na kuacha nafasi katikati yake. Mkondo uwe na nguvu ya kutosha kuosha matope, kwa sababu matope yakijaza nafasi hizo mabuu hukosa hewa na mahali pa kukaa. Lakini usiwe na nguvu ya kuwabeba mabuu au kumwangusha ndege mwenye gramu 300. Maana yake ni mteremko wa wastani, mahali ambapo bonde limefunguka, mto umepanuka na kugawanyika katika mikono mingi inayoachana na kukutana tena, na kati ya mikono hiyo pana visiwa vya changarawe visivyo na miti. Mahali kama hapo hutengenezwa na mlima. Katika Himalaya, Tibet, Tien Shan na Pamir, baridi hupasua miamba kila usiku, barafu ya kudumu husaga na kusukuma vipande hivyo, maji ya kuyeyuka huviviringisha kilomita kwa kilomita hadi pembe zake zinaisha, na pale mteremko unapolegea mto huyaacha mawe na kuendelea na mchanga peke yake. Mdomo-mundu anaishi hapo ambapo mto umeyaweka mawe chini. Juu zaidi maji ni makali mno na mawe ni makubwa kama nyumba. Chini zaidi kuna mchanga na matope.

Nilipolielewa hilo, nililitazama upya bonde letu. Ruzizi unatoka ziwani, na sidhani kwamba wakazi wa Bukavu huwa tunaufikiria mto huu kwa namna hiyo. Mito mingi huanza mlimani na kubeba mawe; Ruzizi huanza katika maji yaliyotulia, kwa sababu kila jiwe ambalo vijito vya milima inayotuzunguka vingeliweza kuuletea huzama kwanza katika Kivu na kubaki humo. Mto unatoka ziwani kwenye mita 1,460 hivi, ukiwa na maji mengi lakini mikono mitupu. Kisha unaingia mara moja katika korongo. Hadi Ziwa Tanganyika, ambalo liko kwenye mita 770 hivi, kuna kilomita 117 tu, na sehemu kubwa ya mteremko huo imekusanyika hapo juu, kabla ya mji wa Kamanyola. Ndiyo sababu mabwawa ya umeme yalijengwa hapo, la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada ya Kamanyola bonde linakuwa tambarare, joto linapanda, na mto unajipindapinda katika mchanga na udongo wa mfinyanzi. Huko juu ni wima kupita kiasi, huko chini ni bapa kupita kiasi, na ile sehemu ya katikati, ambayo mdomo-mundu angeiita nyumbani, karibu haipo.

Je, Kahuzi? Kilele chake kinafika mita 3,308, na mwanafunzi wangu alikuwa na haki ya kukitaja. Vijito vya huko nimeviona upande wa Tshivanga, na maji yake ni baridi na safi, na chini ya mawe yake tuliwakuta mabuu wa makundi yaleyale anayoyala mdomo-mundu. Chakula kipo, lakini kijito chenyewe ni chembamba, kimefunikwa na mianzi na miti, kingo zake zina mizizi na ukoka, na hakuna uwanja wa kokoto wazi ambapo ndege wa kijivu angejificha kwa kusimama tu. Anayeishi hapo ni ndege mwingine, mdogo, wa kijivu na mweupe, mwenye mkia mrefu anaoutikisa bila kuchoka, ambaye wataalamu humwita Motacilla clara. Huruka jiwe hadi jiwe na kuokota wadudu juu ya maji na pembeni mwake. Milima ya Ruwenzori, mashariki mwa nchi yetu, kaskazini ya hapa kwetu, ina barafu, ingawa imepungua sana, lakini mito inayoshuka kutoka huko kuelekea mto Semliki ni mifupi na ya wima.

Na kwenye mito mikubwa ya Kongo, palipo na maporomoko na miamba, kuna jamaa wa mbali wa mdomo-mundu anayestahili kutajwa. Ni Glareola nuchalis, ndege mdogo wa rangi ya moshi mwenye kola nyeupe na miguu myekundu, anayekaa juu ya miamba inayojitokeza katikati ya mto. Huyo anautumia mwamba kama kiti tu. Chakula chake hukikamata hewani, akiruka kama mbayuwayu. Kwa mdomo-mundu jiwe ni ghala, ni maficho, na kwa miezi kadhaa ya mwaka ni kitanda cha watoto wake. Ndege wawili wa asili moja wamekaa kila mmoja katika mto wa mawe, na kila mmoja amelifanyia jiwe kazi yake.

Niliposhuka kando ya Ruzizi na wanafunzi wanane, tulikuwa na rula, daftari na ndoo, na tulipima mawe mia moja tuliyoyaokota bila kuchagua. Mengi yalikuwa na pembe kali, vipande vya mwamba wa volkeno uliovunjika karibu, ambavyo mto haujavizungusha. Mama mmoja aliyekuwa akiponda mawe hapo kando kwa ajili ya kuuza kokoto kwa wajenzi alitutazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, munapima mawe ya nini? Munataka kujenga?"

"Hapana, mama. Tunatafuta yale ya mviringo."

"Ya mviringo ni machache huku. Na mimi siyapendi, yanakimbia nyundo. Ukitaka mengi, panda kwenye vijito vya juu."

Aliyosema yule mama ndiyo niliyokuwa nimehangaika kuyapata vitabuni. Anayajua mawe ya mto kwa mkono, miaka na miaka, na aliweza kutueleza kwa maneno machache ni wapi maji yanaviringisha na ni wapi yanavunja tu. Niliwaomba wanafunzi wayaandike maneno yake kwenye daftari kama yalivyo.

Nimesema kwamba mdomo-mundu hulaza watoto juu ya mawe, na hilo linahitaji kuelezwa. Kwa kawaida huanza kutaga mwezi wa Aprili au Mei. Kiota ni shimo lisilo na kina, lililokwanguliwa kwenye changarawe ya ukingoni au ya kisiwa cha katikati ya mto, na pengine hutandikwa vijiwe vidogo. Humo huwekwa mayai, mara nyingi manne, yenye rangi ya mawe na madoadoa. Dume na jike hupokezana kuyaatamia. Mayai hayo yamewekwa mahali ambapo barafu ikiyeyuka kwa kasi au mvua ikizidi mto unaweza kupanda na kuyachukua, na bado ndege wanarudi palepale, kwa kuwa mafuriko hayohayo ndiyo yanayoosha visiwa na kuzuia majani yasivifunike. Majira ya baridi yanapofika na mito ya juu kuganda, hawahamii bara jingine. Hushuka tu kando ya mto uleule hadi kwenye vilima vya chini, wakati mwingine hadi mita mia chache juu ya bahari. Watazamaji wa ndege wa India huwatafuta wakati huo kwenye mito yenye kokoto chini ya Himalaya, na wale wa Kazakhstan huwatafuta kiangazi karibu na ziwa la milimani lililo juu ya jiji la Almaty. Hapa ndipo lile jibu langu la haraka lilipokuwa na sehemu ya ukweli: ndege anayepanda na kushuka mto mmoja mwaka hadi mwaka hana sababu ya kuvuka jangwa na bahari kutafuta mwingine.

Historia ya jina lake imenisikitisha kidogo. Nicholas Vigors, mtaalamu wa wanyama, alichapisha maelezo ya ndege huyu huko London mwaka 1832, na neno struthersii likawekwa kwa heshima ya Daktari Struthers wa Glasgow. Lakini Brian Hodgson, afisa wa Uingereza aliyeishi Kathmandu kwa miaka mingi na aliyewatumia wachoraji wa Kinepali kuchora ndege aliowakusanya, alikuwa tayari ametuma maelezo yake kwa chama cha wanazuoni wa Bengal mwaka 1829. Karatasi zake zilikaa huko hadi mwaka 1835 ndipo zikachapishwa, na kwa sheria za sayansi anayechapisha kwanza ndiye mwenye jina. Aliyeishi karibu na mto akapitwa na walioipata ngozi ya ndege ikiwa imekauka. Nimewaeleza wanafunzi jambo hilo bila kulifunika, kwa sababu nataka waandike wanachokiona hapa kwetu na wakitangaze mapema.

Katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini, mdomo-mundu hayumo miongoni mwa wanaotishiwa, kwa kuwa nchi anamoishi ni pana sana, kutoka Asia ya Kati hadi China na kaskazini-mashariki mwa India. Nafurahi kwa hilo. Hata hivyo mito ya milima ile inazidi kuwekewa mabwawa, na bwawa hufanya kwa mto kile ambacho Ziwa Kivu limeufanyia Ruzizi tangu zamani: hupokea mawe na kutoa maji. Chini ya ukuta wa bwawa kokoto mpya haziji, za zamani huchukuliwa kidogo kidogo, majani huota juu ya visiwa ambavyo mafuriko hayavioshi tena. Vilevile changarawe ya mtoni huchotwa kwa ajili ya barabara na majengo, huko kama hapa. Simlaumu yule mama wa Ruzizi, ambaye anasomesha watoto kwa nyundo yake. Ninachotaka wanafunzi wangu wajue ni kwamba lori la kokoto linapoondoka ukingoni limebeba pia nyumba ya mtu, hata kama huyo mtu ni buu lenye urefu wa ukucha.

Siku ile kwenye Ruzizi, tulipokuwa tunakusanya rula na ndoo, yule msichana aliyeuliza swali aliona kitwitwi mmoja ukingoni, wa kahawia juu na mweupe chini, akitembea kati ya mawe huku akitikisa kiuno juu na chini kama ilivyo desturi yake. Wataalamu humwita Actitis hypoleucos. Huja kwetu baada ya Agosti na huondoka kabla ya Aprili kwisha, na spishi hiyo huzaliana kaskazini, kutoka Ulaya hadi Asia ya Kati, ikiwa ni pamoja na kando ya mito ya kokoto ambamo mdomo-mundu naye hutaga. Nilipomweleza hivyo hakusema neno. Alifungua daftari, akaandika tarehe, saa na mahali, kisha akaniuliza kama anaweza kurudi kila Jumamosi mpaka siku ambayo kitwitwi hataonekana tena. Nimempa ruhusa, na wenzake wawili wanakwenda pamoja naye. Hadi jana jioni kitwitwi alikuwa bado yupo.